Figo, Mrija na Kisu: Habari za Tabibu Simon na Waliomfuata

Walimu wa lugha hatuitwi hospitalini mara kwa mara, isipokuwa kwa maradhi yetu wenyewe. Hata hivyo, miaka michache iliyopita mmoja wetu aliitwa katika hospitali moja ya hapa Kampala akamfasirie bibi aliyetoka upande wa Bukavu, asiyejua Kiingereza wala Kiganda. Daktari alieleza kwamba jiwe dogo limekwama katika njia itokayo kwenye figo kwenda kibofuni. Mkojo umezuiwa, figo limevimba. Kwa hiyo atapitisha mpira mwembamba ndani kwa ndani ili mkojo upate njia, kisha baada ya wiki chache bibi arudi, jiwe livunjwe na mpira utolewe. Mwenzetu akafasiri kadiri alivyoweza. Bibi akauliza swali moja tu: "Mwalimu, wataninyang'anya figo langu?" Akaambiwa la, hasha. Akashukuru, akatia alama ya dole gumba, akaingizwa chumbani.

Kasoro ilikuwa katika neno "mpira". Bibi alijua mpira wa mkojo, ule unaoning'inia pembeni mwa kitanda na kuishia katika mfuko. Alipoamka na kuona hakuna kinachoning'inia, alijua kazi imekwisha na mpira umeshatolewa. Maumivu yalikoma. Akarejea kwao. Alikuja tena baada ya mwaka na zaidi, amekonda, ana homa, na kile kimrija kilichosahauliwa ndani kimevikwa gamba la mawe kutoka ncha hii hadi ncha ile. Hapana aliyemlaumu mwenzetu, lakini yeye mwenyewe alijilaumu, nasi tulipomsikiliza katika kikao cha chama tulijilaumu pamoja naye, kwa sababu hapana hata mmoja kati yetu aliyeweza kusema papo hapo angelitumia maneno gani mengine. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Tumeona vyema kulifuata jambo lenyewe tangu asili yake, kwani mtu akijua kitu kilivyotokea hutafuta jina lake kwa urahisi zaidi.

Tuanze na majina yaliyopo. "Figo" ni neno letu la kale, na jamaa zake wamo katika lugha za jirani: Waganda husema "ensigo", Wakikuyu "higo", Wanyarwanda "impyiko". Pwani na visiwani husikika pia "nso", na kamusi hutaja "buki". (Walimu wetu wa sarufi hubishana kama tuseme "figo langu" au "figo yangu", sisi hapa tumeshika la kwanza, wala hatumkatazi mtu la pili.) Kibofu nacho hakina shaka. Taabu iko katikati. Ile njia ya urefu wa sentimita 25 hivi, nyembamba kuliko kalamu ya risasi, itelemkayo kutoka kila figo hadi kibofuni, wengine huiita "mrija wa mkojo". Lakini "mrija wa mkojo" ndilo pia jina la njia ya kutokea nje. Mgonjwa akiambiwa mrija wake wa mkojo umeziba, aelewe upi? Sisi tutasema "mrija wa figo" kwa ule wa juu, na "njia ya mkojo" kwa ule wa chini. Madaktari wakisema "ureta" ni mamoja.

Sasa tuje kwenye historia. Jiwe la kibofuni ni adui wa zamani sana, na watu walithubutu kulikata tangu enzi za kale. Katika kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates wa Uyunani, tabibu huapa kwamba hatamkata mwenye mawe, bali atawaachia wenye kazi hiyo. Kazi ilikuwa ya mafundi waliozunguka mijini na visu vyao, na sifa yao kubwa ilikuwa wepesi wa mkono, maana mgonjwa alikuwa macho. Samuel Pepys, yule Mwingereza mwandishi wa shajara, alikatwa tarehe 26 Machi 1658 akatolewa jiwe la ukubwa wa mpira wa tenisi wa siku zile. Akapona, na siku hiyo akaifanya ya karamu katika miaka iliyofuata. Tunamwelewa.

Lakini kibofu kiko karibu, kinafikika kutoka chini. Figo limejificha mgongoni, nyuma ya matumbo, chini ya mbavu za mwisho, limefunikwa kwa mafuta na kushikwa na mishipa mikubwa ya damu. Mwenye jiwe la figo alipewa maji, mitishamba na dua. Usaha ukijikusanya mpaka ukavimba kiunoni, tabibu angeutumbua. Kuliendea figo lenyewe hakukuthubutiwa. Tena palikuwa na swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu kwa yakini: mtu akiondolewa figo moja ataishi? Mwaka 1861, huko Milwaukee nchini Marekani, Erastus Wolcott alitoa figo lenye uvimbe, lakini hakukusudia. Alidhani anatoa uvimbe wa ini. Mgonjwa alikufa siku chache baadaye, na swali likabaki palepale.

Aliyelijibu ni Gustav Simon, profesa wa upasuaji katika chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Mtu huyu alikwisha kupata sifa kwa kushona fistula za wanawake, yaani yale matundu yabakiayo baada ya uzazi mgumu, ambayo kwayo mkojo huvuja mchana na usiku. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa maradhi haya. Yangaliko vijijini kwetu, na zipo hospitali za Afrika Mashariki zinazojulikana kwa kuyatibu, kama CCBRT ya Dar es Salaam. Basi alimjia Simon mwanamke mmoja, mtu wa kazi za mikono, mwenye umri wa miaka 46. Alikuwa amepasuliwa kuondolewa uvimbe wa ovari, na katika upasuaji huo mrija mmoja wa figo ulikatika. Tangu siku hiyo mkojo wa figo lile haukufika kibofuni. Ulitoka ukeni na katika kovu la tumboni. Figo lilikuwa zima, halina ugonjwa wowote. Kosa lilikuwa la mrija. Simon alijaribu kuziba njia zile, akashindwa. Mwanamke yule alilowa daima, akanuka, akakimbiwa, na akasema yu radhi kwa lolote.

Simon angaliweza kukata siku ileile na kumwachia Mungu yaliyobaki. Wapasuaji wa wakati ule hawakukosa ujasiri wa namna hiyo. Hakufanya hivyo. Alirudi maabara. Aliwapasua mbwa wengi, akawaondoa figo moja moja, akawalea na kuwatazama. Wengi waliendelea kula na kukimbia kama kawaida. Akaona kuwa figo libakilo hulibeba jukumu la mwenzake. Kisha akajifunza juu ya maiti namna ya kulifikia figo kwa nyuma, kupitia kiunoni, bila kufungua utando wa tumbo, kwa kuwa utando ule ukifunguliwa zama zile mgonjwa aghalabu hakupona. Baada ya hayo yote ndipo alipotoa siku.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 2 Agosti 1869. Dawa ya usingizi ilikuwa tayari imejulikana, tangu onyesho la Boston la mwaka 1846; Lister wa Uingereza alikuwa ametangaza njia yake ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867, lakini mafundisho hayo yalikuwa hayajaenea. Simon alikata mgongoni, akalifikia figo, akalitenga na mafuta yake, akafunga mishipa ya damu kwa nyuzi, akalitoa. Kazi ilichukua kama dakika 40. Hofu kubwa ilikuwa baadaye: je, figo moja litatoa mkojo wa kutosha? Likautoa. Jeraha liliota usaha, homa ikaja na kuondoka, na mwishowe mwanamke yule aliinuka akaenda zake, mkavu.

Tumekaa sana kwa Simon, na hatuombi radhi. Hadithi za utabibu mara nyingi husimuliwa kana kwamba shujaa ni kisu. Hapa tunamwona mtu aliyejua kwamba haruhusiwi kukata kabla ya kujibu swali, na mwanamke aliyekubali hatari kwa sababu alikwisha elezwa hatari ilivyo. Bibi wetu wa Bukavu aliuliza swali lilelile la Heidelberg, la kunyang'anywa figo. Tofauti ni kwamba yeye alijibiwa kwa neno pungufu.

Baada ya 1869 mlango ulifunguka. Mwaka 1880 Henry Morris wa London alilifungua figo, akatoa jiwe, akaliacha figo mahali pake. Vincenz Czerny, aliyeshika kiti cha Simon huko Heidelberg, alikata sehemu ya figo yenye uvimbe mwaka 1887 na kubakiza sehemu nzima. Kukata kukawa desturi. Mgonjwa alilazwa ubavu, akachanwa kutoka mgongoni kuzunguka kiuno kufuata mbavu ya mwisho, pengine mbavu yenyewe ikaondolewa kipande. Misuli mitatu ikakatwa na kushonwa. Tangu 1895, Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei, mawe mengi yaliweza kuonekana kabla ya kukata, na hilo liliokoa wengi wasichanwe bure. Lakini kovu la kiunoni liliendelea kuwa refu kuliko kiganja, na kupona kulikuwa kwa majuma mengi. Jambo la ajabu, ukilitazama vizuri, ni kwamba jiwe lenyewe huenda likawa dogo kama punje ya mtama. Sehemu kubwa ya maumivu haikutoka kwa jiwe tena, bali kwa njia ya kulifikia.

Wakati huohuo palikuwa na njia ya pili, iliyopita polepole pembeni bila kelele. Mwaka 1879 Max Nitze, tabibu Mjerumani, alionyesha mjini Vienna chombo chembamba cha kuingizwa kupitia njia ya mkojo hadi kibofuni, chenye lenzi na taa ndani yake. Taa ilikuwa waya wa platini uliopashwa moto kwa umeme, na maji yalipitishwa kuuzunguka ili usimwunguze mgonjwa. Edison alikuwa ndiyo kwanza anatengeneza balbu yake. Baadaye balbu ndogo ikachukua mahali pa waya. Kwa chombo hicho tabibu aliona ndani ya kibofu cha mtu aliye hai pasipo kukata kitu. Mwaka 1897 Joaquín Albarrán, Mkyuba aliyefanya kazi Paris, alikitilia chombo hicho kijiko kidogo cha kuongozea, hata mpira mwembamba ukaweza kuelekezwa katika mdomo wa mrija wa figo na kusukumwa juu. Ule mpira alioingiziwa bibi yetu, huu ndio babu yake.

Kupanda mrijani kwa jicho kulitokea kwa bahati. Mwaka 1912 Hugh Hampton Young wa Baltimore alikuwa akimchunguza mtoto mchanga ambaye njia yake ya mkojo ilikuwa imezibwa tangu kuzaliwa, na kwa sababu ya kuziba huko mirija ya figo ilikuwa imetanuka sana. Chombo chake, kilichokusudiwa kibofu tu, kikaingia mrijani na kupanda mpaka ndani ya figo. Wengine walisubiri zaidi ya nusu karne kulifanya hilo kwa makusudi katika mirija ya kawaida. Mwaka 1964 Victor Marshall alieleza juu ya kupitisha chombo chenye kupindika, cha nyuzi za kioo zipitishazo mwanga, na mwaka 1980 Enrique Pérez-Castro wa Madrid alikuwa na chombo kirefu kilichoweza kupanda mrija mzima. Siku hizi miale ya leza hupitishwa ndani ya chombo hicho ikalisaga jiwe liwe vumbi.

Njia ya tatu ilikuwa ya tundu. Wapasuaji walijua tangu 1955, kutokana na kazi ya Willard Goodwin na wenzake huko Marekani, kwamba sindano ndefu yaweza kuchomwa mgongoni moja kwa moja hadi ndani ya figo lililovimba ili kutoa mkojo uliozuiwa. Mwaka 1976, Stockholm, Ingmar Fernström na Bengt Johansson walilitanua tundu la namna hiyo kidogo kidogo kwa siku kadhaa, wakapitisha chombo, wakatoa mawe. Wagonjwa walikuwa 3 tu katika taarifa yao ya kwanza. Kovu likawa la ukubwa wa kucha ya kidole.

Na njia ya nne haikuhitaji tundu lolote. Hii ilitoka kiwandani. Kampuni ya Dornier, watengenezaji wa ndege huko Ujerumani, ilikuwa ikichunguza madhara ya vitone vya mvua vinavyoipiga ndege yenye mwendo wa kasi kupita sauti. Waligundua kwamba pigo huzaa wimbi linalosafiri ndani ya kitu na kukivunja mbali na mahali pa pigo. Mawimbi ya namna hiyo hupita katika maji na nyama bila madhara makubwa, kwa kuwa nyama nayo ni maji kwa sehemu kubwa, ila yakikuta kitu kigumu hupasuka hapo. Madaktari wa München, miongoni mwao Christian Chaussy, wakauliza: je, jiwe la figo? Walijaribu kwa wanyama miaka kadhaa. Mwezi Februari 1980 mgonjwa wa kwanza alizamishwa katika beseni kubwa la maji, cheche ya umeme ikalipuliwa chini yake mara mamia, na mawimbi yakaelekezwa kwenye jiwe kwa kufuata picha za eksirei. Jiwe likawa mchanga, na mchanga ukatoka na mkojo. Mashine zilizofuata ziliacha beseni na kutumia mto wa maji tu.

Hapa ndipo tunaporudi kwa kile kimrija. Mchanga wa jiwe ukitelemka kwa wingi waweza kuuziba mrija upya. Mrija uliokwaruzwa na chombo nao huvimba. Palihitajika kitu cha kuushika wazi kwa muda. Mwaka 1967 Paul Zimskind alieleza matumizi ya mirija ya silikoni iliyoingizwa kwa chombo, lakini ilihama, mingine ikapanda, mingine ikatelemka. Mwaka 1978 Roy Finney alitoa mrija wenye ncha mbili zilizopinda kama ndoana, moja ikijishika ndani ya figo na ya pili kibofuni, usiweze kuhama. Umbo hilo ndilo hadi leo. Ni kitu chepesi, cha thamani ndogo, kimeokoa mafigo yasiyo na idadi, na kina kasoro moja: kikiachwa muda mrefu, chumvi za mkojo hukijenga jiwe. Yaani dawa ya jiwe hugeuka kuwa mbegu ya jiwe.

Juu ya kuliondoa figo zima kwa matundu madogo tutasema machache. Tarehe 25 Juni 1990, mjini St. Louis, Ralph Clayman na wenzake waliliondoa figo lenye uvimbe la bibi wa miaka 85 kwa kamera na vyombo virefu vilivyopenya tumboni. Kazi ilichukua karibu saa 7, ambapo Simon alitumia dakika 40. Mtu atakayecheka akumbuke kwamba figo zima lisingeweza kupita katika tundu dogo, hata ikabidi litiwe ndani ya kifuko na kusagwa humohumo mwilini. Mwaka 1995, huko Baltimore, njia hiyo ilitumiwa kumtoa figo mtu aliye hai aliyejitolea kumpa mgonjwa. Hapa kwetu Afrika Mashariki, upandikizaji wa figo ulifanyika Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi Novemba 2017, kwa msaada wa madaktari kutoka India.

Yafaa tutaje pia kichocho, ambacho ni chetu zaidi kuliko mawe. Mdudu wake aligunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Wa aina ya mkojo hupatikana Unguja, Pemba, pwani ya Kenya na Tanzania na sehemu nyinginezo za bara, na mayai yake hujikita katika kuta za kibofu na za ncha za chini za mirija ya figo. Mtoto hukojoa damu. Wakubwa humwambia itapita. Damu kweli hupita, lakini kovu hubaki, mrija ukasinyaa taratibu, figo likavimba kimyakimya bila maumivu makubwa. Tembe za prazikwanteli zikitolewa mapema huzuia hayo yote. Zikichelewa, kazi inakuwa ya mpasuaji: kuutanua mrija, au kukata sehemu iliyosinyaa na kuupandikiza upya kibofuni.

Vyombo tulivyovieleza viko katika hospitali kadhaa za miji yetu mikubwa, na huko Moshi, KCMC, ipo taasisi inayofundisha upasuaji wa njia za mkojo kwa madaktari wa eneo hili. Lakini mashine ya mawimbi ni ghali, leza ni ghali, na chombo chembamba cha kupindika huvunjika upesi. Mgonjwa wa wilayani bado huenda akachanwa kiunoni kama zama za Morris, na mpasuaji anayeijua kazi hiyo vizuri asidharauliwe.

Bibi wa Bukavu alitibiwa mara mbili. Kwanza gamba la kibofuni lilivunjwa, kisha lile la juu likafikiwa kwa tundu la mgongoni, na kimrija kikatoka vipande vipande. Figo lake lilisalimika. Kimrija kipya kilipowekwa, mwenzetu alikuwapo tena, na safari hii alikuja na penseli. Alichora mafigo mawili na kibofu kwenye mgongo wa bahasha, akachora mstari kati yao, akasema: "Mama, hiki ni kimrija cha muda. Kimelala ndani, hukioni. Kikipita mwezi wa pili hakijatolewa, kinageuka jiwe." Bibi akaitazama bahasha, akaomba tarehe iandikwe juu yake kwa tarakimu kubwa, akaikunja akaitia katika pindo la kitenge chake. Alirudi siku 3 kabla ya tarehe.